Kukadiria joto pasi kwa pasi: mwongozo kamili wa kuchomelea bamba nene

Bamba la milimita 20 halijazwi kwa pasi moja, yaani kwa kupitisha rodi mara moja tu. Fundi hupitisha rodi, huondoa slagi (ganda la uchafu linalobaki juu ya mshono), hupitisha tena, na kila pasi huikuta chuma ikiwa na moto zaidi kuliko pasi iliyotangulia. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kuona. Pasi za mwanzo hupoa upesi mno na kuacha chuma kigumu kinachopasuka, na zile za mwisho hupoa polepole mno na kuacha chuma chenye chembe kubwa na nguvu pungufu. Kwa macho mshono ni uleule.

Ukanda wetu una kazi nyingi za namna hii. Viwanda vya sukari vya Chemelil, Muhoroni na Nzoia vina vyombo vya mvuke na mabomba mazito. Kisumu kuna karakana ya meli, na Olkaria kule Naivasha mabomba ya mvuke wa ardhini yanapita kilomita baada ya kilomita. Hata hivyo, mafundi wengi huamua wakati wa kuanza pasi inayofuata kwa kutemea bamba mate au kwa kusogeza kiganja. Mbinu inayofuata inahitaji kalamu, simu yenye Excel na subira kidogo. Kompyuta kubwa inakuja mwishoni kabisa, na wengi wenu hamtaihitaji.

Mfano tutakaoutumia

Bamba mbili za chuma cha kawaida cha kaboni, unene milimita 20, zimekatwa mfereji wa pande mbili wenye umbo la X, pembe digrii 60. Rodi ni E7018, aina yenye hidrojeni ndogo, ya milimita 3.2, ampea 120, volti 24, mwendo wa milimita 150 kwa dakika. Kwa hesabu ya eneo la mfereji, kiungo hiki kitachukua pasi 12 hivi. Hewa ya Kisumu mchana tuichukue kuwa nyuzi 28.

Hatua ya kwanza: joto linaloingia

Zidisha volti kwa ampea, gawa kwa mwendo, kisha zidisha kwa ufanisi wa arki (mwali wa umeme kati ya rodi na bamba), yaani sehemu ya joto lake inayoingia kwenye chuma. Kwa rodi za kawaida ufanisi ni 0.8, kwa TIG (arki ya sindano ya tangsteni ndani ya gesi) ni 0.6, na kwa arki iliyozamishwa ndani ya unga ni 1.0.

24 × 120 = wati 2880. Mwendo wa milimita 150 kwa dakika ni milimita 2.5 kwa sekunde. 2880 ÷ 2.5 = juli 1152 kwa milimita. Ukizidisha kwa 0.8 unapata takriban juli 920, yaani kilojuli 0.92 kwa kila milimita ya mshono. Tuiite Q.

Namba hii ndiyo msingi wa mengine yote, kwa hiyo usiisome kwenye kioo cha mashine. Kebo ndefu iliyochakaa hula volti kadhaa kabla ya umeme kufika kwenye rodi. Pima volti karibu na kishikio cha rodi na kwenye bamba, arki ikiwa inawaka. Ampea zipime kwa mita ya kubana inayosoma mkondo wa DC, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu husoma AC pekee na kwenye mashine ya DC hazikuambii lolote. Mwendo nao upime kwa saa: urefu wa mshono uliogawanywa kwa sekunde ambazo arki iliwaka. Muda wa kubadilisha rodi usihesabiwe.

Hatua ya pili: halijoto ya kuanzia kila pasi

Hii ndiyo hatua ninayoomba uipe muda mrefu kuliko zote. Ukiijua halijoto ya bamba kabla ya kila pasi, karibu kila jambo lingine linafuata lenyewe.

Dakika chache baada ya pasi kwisha, joto lake limeshaenea unene wote wa bamba na sasa linasafiri kwenda pembeni, kushoto na kulia. Ikiwa mshono si mrefu sana, unaweza kuuchukua kana kwamba ulichomwa wote kwa mpigo mmoja. Basi ongezeko la halijoto kwenye mstari wa mshono, baada ya sekunde t, ni:

ΔT = (Q ÷ d) ÷ √(4π · k · ρc · t)

Hapa d ni unene wa bamba, k ni upitishaji wa joto wa chuma, na ρc ni joto linalohitajika kupandisha mita moja ya ujazo ya chuma kwa nyuzi moja. Kwa chuma cha kaboni kilicho kati ya nyuzi 50 na 300, tumia k = 45 na ρc = 4,080,000. Weka Q katika juli kwa mita, yaani 920,000, na d = 0.02. Kila kitu kinajikusanya kuwa namba moja:

ΔT = 957 ÷ √t

Baada ya dakika moja pasi hiyo imeacha ongezeko la nyuzi 124. Baada ya dakika 5 ni 55. Baada ya dakika 10 bado ni 39. Angalia jinsi mkia huo ulivyo mrefu: kutoka dakika ya 5 hadi ya 10 umepoteza nyuzi 16 tu. Ndiyo maana pasi nyingi zinazofuatana hujenga joto hata pale kila moja inapoonekana ndogo.

Sasa jumlisha. Kabla ya pasi ya nne, bamba lina mabaki ya pasi tatu: moja yenye umri wa dakika 5, nyingine dakika 10, nyingine dakika 15. Kila moja hesabu ongezeko lake, ongeza zote juu ya nyuzi 28. Ukichomelea kila baada ya dakika 5, unapata nyuzi 83 kabla ya pasi ya pili, 154 kabla ya ya nne, 207 kabla ya ya sita, 250 kabla ya ya nane na 322 kabla ya ya kumi na mbili. Kwa chuma cha kawaida, kikomo kinachoandikwa mara nyingi kwenye karatasi ya utaratibu wa uchomeleaji ni 250. Kwa hesabu hii tumekifikia kabla ya kuanza pasi ya nane.

Lakini hesabu hii inadai kwamba bamba halipotezi joto hewani, na hilo si kweli. Kila uso hupoteza joto kwa upepo na kwa mnururisho. Tuchukue wati 15 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi, namba ya tahadhari kwa karakana yenye hewa tulivu. Kila ongezeko basi lizidishwe kwa kipunguzi hiki:

e^(−t ÷ τ), ambapo τ = ρc · d ÷ (2 × 15)

Kwa bamba letu τ ni sekunde 2720, dakika 45 hivi. Kwenye Excel weka namba ya pasi safu ya A kuanzia A2, kisha:

B2: =A2*300
C2: =957/SQRT(B2)*EXP(-B2/2720)
D2: =28+SUM(C$2:C2)

Buruta hadi mstari wa 12. Safu ya D inakupa halijoto kabla ya pasi inayofuata: 77, kisha kabla ya ya nne 132, ya sita 164, ya nane 185, ya kumi na mbili 211. Tofauti na orodha ya kwanza ni kubwa, na inakuonyesha thamani ya hewa inayopita juu ya kazi. Wanaochomelea nje karibu na ziwa wanaujua upepo wa alasiri unaotoka majini. Upepo huo huongeza ile 15 na kuliweka bamba baridi zaidi ya hesabu. Kwa pasi za mwisho hilo ni nafuu. Kwa pasi ya kwanza ni hatari, nami ningeweka kizuizi cha upepo kabla ya kuanza.

Kuna kosa moja bado. Mlinganyo unadhani bamba ni pana bila mwisho. Katika saa moja joto husafiri takriban milimita 400 kila upande, kwa hiyo bamba jembamba kuliko hapo litagonga ukingo na joto litarudi. Tuseme vipande vyetu vina upana wa milimita 150 kila kimoja, jumla 300. Ukingo hauruhusu joto kupita, hivyo unaufanya kama kioo: unaweka mshono wa kubuni milimita 300 upande huu na mwingine milimita 300 upande ule, kisha wengine kwenye 600. Safu ya C inakuwa:

=957/SQRT(B2)*EXP(-B2/2720)*(1+2*EXP(-0.09/(0.000044*B2))+2*EXP(-0.36/(0.000044*B2)))

Namba 0.09 ni mraba wa 0.3, na 0.36 ni mraba wa 0.6. Matokeo: nyuzi 139 kabla ya pasi ya nne, 185 kabla ya ya sita, 221 kabla ya ya nane, 251 kabla ya ya kumi, 274 kabla ya ya kumi na mbili. Rodi ileile, mashine ileile, fundi yuleyule. Upana wa kipande pekee umeongeza zaidi ya nyuzi 60 mwishoni. Kwa hiyo kipande kidogo cha majaribio kilichochomelewa karakanani hakiwakilishi bamba kubwa lililo kwenye meli au kwenye tangi. Kipande kidogo hupata moto upesi na kupita jaribio la ugumu vizuri, ilhali kazi yenyewe inapoa kasi na kuwa ngumu. Ninalisema hili kwa uzito wote kwa walimu wa vyuo vya ufundi, kwa sababu wanafunzi wetu karibu wote hufunzwa kwenye vipande vya upana wa kiganja.

Sasa unaweza kuuliza maswali yenye faida. Nikisubiri sekunde 400 badala ya 300 kwenye kipande hiki chembamba? Badilisha namba moja kwenye safu ya B: kabla ya pasi ya mwisho unapata karibu 230, na umo ndani ya kikomo. Dakika 10? Karibu 170. Fundi anayelipwa kwa kipande hatapenda kusubiri dakika 10, na hana sababu ya kusubiri kiasi hicho ikiwa 7 zinatosha.

Marekebisho machache kwa kazi nyingine. Kwenye bomba lenye ncha zilizozibwa, uso wa ndani haupotezi joto lolote la maana, kwa hiyo τ inakuwa maradufu. Kwenye kiungo cha umbo la T joto lina njia tatu za kutorokea badala ya mbili, hivyo zidisha ongezeko kwa 2/3. Chuma kisichoshika kutu, kama kile cha 304, hupitisha joto vibaya sana, na ongezeko lake ni takriban mara 1.7 ya chuma cha kaboni. Kikomo chake nacho huwa cha chini, mara nyingi 150. Ukipasha moto bamba kabla ya kuanza kwa mwali wa gesi kandokando ya mshono, usiandike tu 100 mahali pa 28. Joto hilo la mwali hupungua kama pasi yoyote, kwa hiyo lihesabu kama pasi ya sifuri. Andika 100 ikiwa tu kipande chote kimetoka kwenye tanuri.

Hatua ya tatu: muda wa kupoa kutoka 800 hadi 500

Kati ya nyuzi 800 na 500 chuma huamua kitakuwa nini. Kikipita hapo haraka hutokea muundo mgumu unaovunjika. Kikipita polepole hutokea muundo laini. Daniel Rosenthal alichapisha miaka ya 1940 suluhisho la joto linaloenea kutoka kwenye chanzo kinachotembea, na kutoka kwake unapata kwa bamba nene:

t = Q ÷ (2πk) × [1/(500 − T₀) − 1/(800 − T₀)]

T₀ ni ile namba ya safu ya D. Hapa tumia k = 30, kwa sababu chuma chenye moto wa namna hiyo hupitisha joto kidogo kuliko kile cha nyuzi 200. Mlinganyo huu unafaa ikiwa bamba ni nene kuliko kiwango fulani:

d₀ = √{ Q ÷ (2ρc) × [1/(500 − T₀) + 1/(800 − T₀)] }

Katika moto huu ρc ni takriban 5,500,000. Kwa T₀ ya 28, d₀ ni milimita 17, kwa hiyo bamba letu la 20 ni nene. T₀ inapofika 250, d₀ ni milimita 22, na bamba lilelile sasa linahesabiwa kuwa jembamba. Hapo zidisha jibu kwa mraba wa d₀ ÷ d.

Majibu: pasi ya kwanza, bamba likiwa baridi, sekunde 4. Kwa T₀ ya 150, sekunde 6.4. Kwa 200, zaidi kidogo ya 8. Kwa 250, sekunde 13.

Sekunde 4 ni chache. Kama chuma chako kina kaboni ndogo, kitavumilia. Kama hukijui, na vyuma vingi vya kununua kwenye skrepa hatuvijui, tafuta cheti chake na uhesabu kaboni linganifu, yaani kipimo cha jinsi chuma kinavyoelekea kuwa kigumu, kwa asilimia za kemikali zilizomo: C + Mn/6 + (Cr + Mo + V)/5 + (Ni + Cu)/15. Ikizidi 0.4 hivi kwenye unene huu, pasha moto kabla ya pasi ya kwanza, na rodi za E7018 zitoke kwenye oveni zikiwa kavu. Hewa ya ziwa ina unyevu. Unyevu huo ndani ya rodi ni hidrojeni ndani ya mshono, na ufa wa hidrojeni huja saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani.

Hatua ya nne: historia ya nukta moja

Chagua nukta moja ndani ya chuma mama, tuseme milimita 6 kutoka kitovu cha pasi ya kwanza. Kilele cha halijoto yake kwenye bamba nene ni:

T kilele = T₀ + 2Q ÷ (π · e · ρc · r²)

Hapo e ni 2.718, r ni umbali kutoka kitovu cha pasi hadi nukta, na ρc ni ile ya 5,500,000. Kwa Q yetu hii ni T₀ + 39,200 ÷ r², r ikiwa katika milimita. Pasi ya kwanza inaipa nukta nyuzi 1117: iko ndani ya ukanda ulioathiriwa na joto, na kwa kupoa kwa sekunde 4 huenda imekuwa ngumu. Pasi ya pili inakaa juu yake, milimita 3 zaidi, kwa hiyo r ni 9 na T₀ ni 77: kilele ni nyuzi 561. Ya tatu, r ikiwa 12, inaleta 381. Ya nne, karibu 306.

Isome orodha hiyo polepole: 1117, 561, 381, 306. Nyuzi 561 ndizo zinazolainisha chuma kilichokuwa kimekaza. Pasi ya pili imeitibu ya kwanza. Ndiyo sababu tabaka nyembamba zilizopangwa vizuri hutoa mshono mgumu kuvunjika kuliko tabaka chache nene zilizojazwa kwa rodi kubwa. Na pasi ya mwisho haina wa kuitibu, kwa hiyo sehemu yake ya pembeni ndiyo ya kwanza kupimwa ugumu.

Karibu kabisa na arki mlinganyo huu haufai. Unachukulia chanzo kuwa nukta, na kwenye nukta yenyewe halijoto huenda bila kikomo. Uamini kuanzia nje ya kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka.

Hatua ya tano: pima, kisha rekebisha

Chomelea thamokapo (jozi za waya za kupimia halijoto) za aina ya K kwenye bamba, milimita 10, 20 na 50 kutoka ukingo wa mfereji. Kila waya ushikane na chuma wenyewe, bila kusokotwa hewani. Kabla ya hapo zijaribu kwenye maji yanayochemka, lakini usitegemee 100: Kisumu maji huchemka karibu nyuzi 96, na Nakuru, kwenye mwinuko wa mita 1850 hivi, karibu 94. Ukiwa huna thamokapo, chaki za joto, zinazoyeyuka zikifika halijoto iliyoandikwa juu yake, za 150 na 250 zinatosha kwa kazi ya kila siku. Bunduki ya infraredi hudanganya sana kwenye chuma kilichogrindwa kikang'aa. Elekeza sehemu yenye kutu au iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Halijoto ya kati ya pasi ipimwe juu ya mshono wenyewe au kando yake kabisa, mara tu kabla ya kuwasha arki.

Linganisha na safu ya D. Kipimo kikizidi hesabu tangu pasi ya pili, Q ndiyo yenye kosa: rudi kwenye volti, ampea na mwendo. Kikianza sawa kisha kuachana na hesabu baada ya nusu saa, ile 15 ya upotevu ndiyo ya kubadilisha. Usibadilishe vyote viwili kwa pamoja, kwani utapata mlingano mzuri usiokufundisha kitu.

Kompyuta inapohitajika

Umbo likiwa gumu, kama makutano ya mabomba au ukarabati wa shimo katikati ya ganda nene, hesabu ya mkono huishia hapo. Programu za bure zipo: CalculiX, Code_Aster kutoka Ufaransa, Elmer kutoka Finlandi. Kwa chanzo cha joto tumia umbo la nusu-yai mbili alilolipendekeza Goldak na wenzake mwaka 1984: nusu ya mbele fupi, karibu nusu ya upana wa kidimbwi, na nusu ya nyuma ndefu, karibu mara mbili ya upana huo. Sifa za chuma zibadilike na halijoto. Kanuni za Eurocode 3 za moto, yaani viwango vya Ulaya vya majengo ya chuma, zina milinganyo yake: upitishaji unashuka kutoka karibu 53 kwenye baridi hadi 27.3 juu ya nyuzi 800, na joto mahususi linaruka sana karibu na nyuzi 735. Programu huligawa bamba katika vipande vidogo viitwavyo elementi; elementi za pasi ambazo bado hazijawekwa zizimwe, ziwashwe zamu yao ikifika.

Anza na mkato wa pande mbili kabla ya umbo kamili la pande tatu. Utajibu maswali mengi kwa sehemu ndogo ya muda. Elementi karibu na mshono ziwe milimita 1 hivi. Na kabla ya kuiamini picha yoyote yenye rangi, fanya ukaguzi mmoja: zima upotevu wa hewani, endesha pasi moja, kisha jumlisha joto lote lililo ndani ya bamba. Lazima liwe kilojuli 0.92 kwa kila milimita ya mshono. Lisipofika hapo, chanzo chako kimekatwa na ukingo wa elementi au hatua ya muda ni kubwa mno, nawe rekebisha hilo kwanza. Kisha tazama mstari wa mshono dakika 5 baadaye: kwenye bamba pana la milimita 20 unapaswa kuona ongezeko la nyuzi 55, au karibu sana na hapo.